Harusi ya Devon, sisi ni wa jioni

Harusi isiyo na kamati mimi huwa siiamini. Mwenzangu wa kazini hapa Uingereza, Mwingereza mtaratibu, aliniletea bahasha karibu mwaka mzima kabla. Nafungua: kadi ya kunijulisha kwamba kuna kadi nyingine inakuja! Haya, nikakaa nikisubiri kuunganishwa kwenye grupu la WhatsApp. Kimya. Hakuna mwenyekiti, hakuna mweka hazina wa kukukumbusha usiku wa manane kwamba ahadi ni deni. Nikasema, "Mama Salma, hatujachangishwa. Tutakula nini?"

Kadi ya pili ikaja. Zawadi hawataki, ila ukipenda wachangie fungate. Kumbe michango ipo, ila ya huku imevaa suti. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: sisi tufike saa moja na nusu jioni. Ndoa mchana, watu wanakaa mezani wanakula, wakishashiba ndipo wa aina yetu wanafunguliwa. Kwetu Tanga ukimwita mtu pilau likishaisha, umetangaza vita.

Basi Jumamosi moja ya Juni tukatoka mji wetu wa Reading kwenda Devon, jimbo la kusini-magharibi mwa Uingereza kulikokuwa na harusi, maili kama 150 mbele yetu, suti imening'inia nyuma na sambusa za akiba ziko kwenye mkoba wa Mama Salma. Barabara ya A303 ikifika karibu na Stonehenge, yale mawe makubwa ya kale yaliyosimamishwa kwa duara, inabanwa, na kila dereva anapunguza mwendo atazame mawe. Foleni haisogei. Serikali ilikuwa na mpango wa kupitisha barabara kwenye handaki, wakavutana miaka na miaka, mwaka 2024 ukafutwa.

"Haya ndiyo yametukalisha hapa?" akauliza Mama Salma.

"Yana miaka zaidi ya 4,000."

"Basi wangeyaangalia kesho."

Lakini Devon ndiyo balaa lenyewe. Ukiacha barabara kuu unaingia vichochoroni, kingo za udongo huku na huku, juu yake vichaka, huoni nyumba wala kinachokuja mbele. Bajaji ingepita kwa kujipinda. Halafu kuna kibao cheupe cha duara chenye mstari mweusi: ruksa maili 60 kwa saa. Karibu kilomita 97! Aende nani?

Kona ya pili, trekta uso kwa uso. Mzee hapigi honi, hatukani, ananitazama tu. Angetukana ningejua la kujibu. Trekta na tela lake halirudi, anayerudi ni wewe, mpaka pale palipopanuliwa kwa ajili ya kupishana. Nikapiga rivasi, miiba inakwangua mlango, Mama Salma kageukia nyuma anapiga kelele, "Kulia, Baba Salma, kulia!" Kulia kwake, kushoto kwangu. Mzee akapita, akanyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hayo ndiyo malipo. Kidogo tu, gari la posta. Rivasi. Kidogo tena, akina mama wawili juu ya farasi, wala hawana haraka.

Tumefika, jua bado linachoma. Jioni gani hii, magharibi yenyewe inaingia saa tatu na nusu! Hema liko katikati ya shamba, visigino vya Mama Salma vinazama kwenye nyasi. Mara upepo ukaniletea harufu ya mchomo. Natupa jicho: mnyama mzima juu ya moto, mpishi anakata. Alhamdulillahi, ndafu! Nikamsamehe bwana harusi palepale, nikapanga foleni na sahani yangu. Nasogea, nasogea, nikamwona vizuri. Pua bapa, matundu mawili.

Mpishi alikuwa na huruma. Alinipa mkate mtupu na kijiko cha tufaha la kupondwa.

Nikasema angalau soda. Kijana wa vinywaji akamimina mbili, akanisogezea kimashine cha kulipia. Harusini! Kwetu bwana harusi angeuza shamba la babu yake kabla ya aibu hiyo.

Tukajikalia pembeni. Mama mmoja wa makamo, mmoja wa waliokuwapo tangu mchana, akaja kutusalimia. Mama Salma akameza sambusa, akamuuliza kwa heshima zote, "Hivi mchana mlikula nini?"

"Samaki," akasema mama wa watu. "Tena wengi tumebakisha."