Virusi Tunatoa Sisi, Chanjo Tusubiri Hisani?

Mwanzoni mwa 2007, waziri wa afya wa Indonesia, Siti Fadilah Supari, alizuia sampuli za mafua ya ndege zisitoke nchini mwake. Alilaumiwa vikali kwamba anahatarisha dunia nzima. Mimi naona alikuwa na haki, na kila mjumbe wetu wa Afrika Mashariki anayekwenda Geneva kujadili magonjwa ya mlipuko anapaswa kuijua habari yake.

Indonesia ilikuwa ikizika watu kwa H5N1, virusi vya mafua hayo ya ndege, na sampuli zake zilikuwa zikipelekwa kwenye mtandao wa maabara wa Shirika la Afya Duniani (WHO). Mtandao huo upo tangu 1952, na ndio unaotuwezesha kujua ni mafua gani yanazunguka na chanjo ibadilishweje. Kisha ikabainika kuwa kampuni moja ya Australia inatengeneza chanjo kutokana na virusi vya Indonesia, na wenyewe hawakuulizwa. Chanjo ikishakuwa tayari, Waindonesia wangeuziwa kama wanunuzi wengine, tena baada ya matajiri kujichukulia.

Kuzuia sampuli ni hatari, silikatai hilo. Virusi vikibadilika na maabara hazijaviona, tunakufa wote. Lakini niambieni, nchi isiyo na kiwanda wala fedha ingesikilizwa kwa njia gani nyingine?

Wakati nchi wanachama wa WHO zikijadiliana namna ya kugawana sampuli na chanjo, 2009 likaja janga la H1N1, yaani mafua ya nguruwe. Nchi tajiri zilikuwa zimeshaweka oda za chanjo mapema. Zilituahidi msaada, lakini dozi za msaada zilianza kufika Januari 2010, wakati katika nchi nyingi wimbi kubwa lilikuwa limeshapita. Kutoa ni moyo, na moyo wa serikali inayoogopa wapiga kura wake hauwezi kuwa mpango wa afya wa nchi nyingine.

Mei 2011 ndipo nchi wanachama wa WHO zilipopitisha utaratibu mpya wa mafua ya janga. Viwanda vinavyonufaika na mtandao ule vinachangia fedha kila mwaka, na vinaingia mikataba ya kutenga sehemu ya chanjo zao pindi janga likitokea. Ni mkataba wenye saini, uliotiwa kabla ya ugonjwa kuingia. Sidhani tungeupata bila ule mgomo wa Jakarta.

Utaratibu huo unahusu virusi vya mafua vinavyoweza kuzua janga, basi. Korona ilipokuja haukutusaidia, na tuliona nani alichanjwa kwanza. Mkataba mpya wa majanga uliopitishwa Mei 2025 unalenga viwanda vishiriki viipe WHO asilimia 20 ya chanjo zao kadiri zinavyotengenezwa, angalau nusu yake ikiwa bure. Ila namna ya kugawana vimelea vya magonjwa na faida zake iliachwa ijadiliwe katika kiambatisho.

Hapo ndipo nawaomba wajumbe wetu wakaze. Maabara ya Entebbe imo kwenye mtandao wa mafua. Kazi yetu tunaifanya. Na siku hizi mtengenezaji wa chanjo anaweza kuanza kazi kwa kusoma mpangilio wa vinasaba vya virusi kwenye kompyuta, bila kuhitaji hata kichupa kimoja cha sampuli kutoka kwetu. Kiambatisho kikitaja vichupa na kuacha taarifa za vinasaba, hata kuzuia sampuli kama alivyofanya Supari hakutatufaa kitu.