Ile "Mguu Sawa" Haikuwa Yangu

Naona ile klipu yangu nikiwa sakafuni siku ya mahari ya rafiki yangu imeshafika mpaka kwa shangazi yangu wa Kigamboni, mtu ambaye kila siku anauliza tochi ya simu inazimwaje. Basi ngoja niseme mwenyewe. Mwenzangu Zimataa ameikata klipu ianzie pale nikiwa tayari niko chini, kisha akaandika juu yake "KOMANDOO AANGUKIA UKWENI". Haionyeshi nilifikaje chini. Jamani, mtu hafiki chini hivihivi tu. Kuna utaratibu.

Wanaonifuata siku nyingi wanajua kwamba sisi wanne tulilala hanga moja, yaani bweni moja, kule Mafinga JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kwenye mafunzo ya mujibu wa sheria, baada ya kidato cha sita. Sanduku, Zimataa, Dokta na mimi. Tangazo la kuripoti lilikuwa wazi kabisa: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayoishia magotini, fulana ya kijani isiyo na maandishi, raba za kijani au za bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi, nauli ya kwenda na kurudi. Mwenzetu akaja na tranka la bati, ndani yake pasi ya umeme na marashi. Hapo ndipo alipopewa jina la Sanduku. Dokta alikuwa anaumwa kila alfajiri na kupona kila ikigongwa kengele ya chakula. Zimataa alisinzia hata akiwa kwenye foleni ya ugali. Langu silisemi, mtaniita nalo.

(Mliopangiwa Ruvu na Kibiti nawaomba mkae kimya kwenye stori hii. Nyie mlikuwa mnatokwa jasho. Sisi asubuhi tulikuwa tunatoa moshi mdomoni.)

Ukishakula doso, ile adhabu ya mazoezi, na mtu, habari ya urafiki imekwisha, huyo ni ndugu ambaye hukuombwa ushauri wakati anazaliwa. Zimataa akisinzia kwenye kipindi cha usomaji wa ramani, kombania nzima inaruka kichurachura. Sanduku akikosa soksi moja, wote tunaviringika kwenye majani yenye umande. Unamchukia mpaka usiku, halafu usiku ni yeye huyohuyo anayekugawia nusu ya blanketi. Kwa hiyo hadi leo mmoja wetu akifiwa, sisi ndio tunafunga turubai. Akihama, tunabeba kabati. Na Sanduku alipotangaza kwenye grupu kwamba Jumamosi anapeleka mahari Gongo la Mboto, hakuna aliyeuliza kama amealikwa. Zimataa alitaka twende na kombati. Dokta, ambaye siku hiyo alikuwa mzima, akamkumbusha kwamba raia kuvaa sare za jeshi ni kosa kisheria. Tukaenda na suti. Mimi nikanunua na viatu vipya vyenye soli ngumu ya plastiki. Soli hiyo mtaisikia tena.

Kitu ambacho Sanduku alituficha mpaka tuko getini ni kwamba baba mkwe alistaafu JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) akiwa Afisa Mteule Daraja la Kwanza. Msiojua, sikilizeni. Luteni kijana mwenye nyota zake mabegani unaweza kumwomba radhi akakusikia. Mtu wa daraja hili ndiye mwenye nidhamu ya kikosi, ndiye mwenye kwata, yaani mazoezi ya gwaride, ndiye anayeona kifungo kilichokatika ukiwa mstari wa nne. Hata huyo luteni humkaribia kwa adabu. Na huyu wetu, vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 alivikuta akiwa kijana na akarudi mzima. Mzee haongei sana. Anakutazama kuanzia kiatuni kwenda juu.

Tukaamkia, tukaitikiwa, mshenga akafanya kazi yake. Bahasha ikatoka, zikatoka kanga, ukatoka mkaja wa mama, likatoka blanketi jipya la bibi, vyote juu ya sinia la aluminiamu lililofunikwa kitambaa cha lesi. Wazee wakahesabu, wakanong'ona, wakahesabu tena. Kisha mzee akamwita Sanduku asimame katikati. Nikajua sasa anaulizwa kazi na dini.

"JWTZ ilianzishwa lini?"

"Tarehe 1 Septemba 1964, afan... baba."

"JKT?"

"Tarehe 10 Julai 1963, baba."

"Kambi ya Lugalo zamani ikiitwaje?"

Kimya. Nikaona shingo ya Sanduku inaanza kumeta. Dokta akapatwa na kikohozi, na ndani ya kikohozi kile, nawaapia, mlitoka jina zima.

"Colito, baba."

"Na Lugalo ni nini?"

Hapo akapona, maana huwezi kukaa Mafinga usiijue historia ya Iringa. Akajibu ndipo Wahehe wa Mkwawa walipowapiga Wajerumani mwaka 1891. Mzee akatikisa kichwa mara moja tu. Mama mwenye nyumba akasema, "Baba Rehema, hii ni mahari au usaili?" Watu wakacheka, chakula kikaletwa.

Sasa tulieni. Tunaingia kwenye sehemu ambayo Zimataa ameikata.

Viti viliisha kwa wazee, vijana tukasimama kando ya ukuta. Mimi mkono wa kulia nina sahani: pilau mlima, kachumbari ubavuni, paja la kuku juu. Mkono wa kushoto nina glasi ya juisi ya ukwaju. Kwapani kushoto nimebana lile sinia, kwa sababu mama mmoja alinipa akasema "shika hapo mwanangu" na hakurudi. Mbele yangu, kwenye mkeka, amekaa bibi mzaa baba na blanketi lake jipya mapajani. Miguu yangu imeachana kiasi, uzito umegawanyika pande zote mbili. Bila kujijua tulikuwa tumesimama mguu pande, wote wanne, kwa mstari.

Nyuma yetu, kutoka korido, ikaja sauti.

"Mguuuuuu..."

Amri ya kwata ina vipande viwili. Cha kwanza kinavutwa, ni cha tahadhari, ili kikosi kizima kijiandae. Cha pili kinakatwa ghafla, ni cha utekelezaji, na miguu yote inatua kwa mlio mmoja. Katikati ya vipande hivyo hutakiwi kufanya chochote. Kwangu mimi nafasi hiyo ilichukua kama mwaka wa fedha wa serikali. Nilisikia mgongo ukinyooka wenyewe. Kidevu kikapanda. Akili ikasema, kaka, una sahani. Mwili ukajibu, hilo mtaongea na afande.

"...SAWA!"

Mguu wa kushoto ukapanda, goti likakunjika, ukashuka kugonga kando ya wa kulia, kisigino kwa kisigino. Mikono yote ikanyooka chini ubavuni, ngumi zimefungwa, kidole gumba mbele, sambamba na mshono wa suruali. Ndivyo inavyotakiwa, na nilifanya vizuri sana. Tatizo ni kwamba sahani haiingii kwenye ngumi.

Pilau ikateremka na mguu wa suruali kwa utulivu. Paja la kuku halikuteremka. Mkono ulikuwa na kasi, likaruka, likatua katikati ya blanketi la bibi. Juisi ya ukwaju ikamwagika juu ya marumaru, mahali hasa ambapo mguu wangu wa kushoto ulikuwa njiani kufika. Kwapa likalegea, sinia likashuka, likagonga sakafu kwa ukingo wake na kuanza kuzunguka. Sinia la aluminiamu likizunguka kwenye marumaru halina haraka. Linalia polepole, kisha haraka, kisha haraka zaidi, na ukumbi mzima unalingoja. Lilinyamaza wakati soli yangu ya plastiki inakutana na ukwaju.

Nikaenda chini chali.

Hapa nataka kurekebisha jambo. Shangazi mmoja kwenye klipu anasikika akisema "kazimia". Sikuzimia. Anayezimia kwenye gwaride ni yule anayekaza magoti: damu inatuama miguuni, kichwani inapungua, na huanguka mbele, uso kwanza, bila hata kutanguliza mikono. Dawa yake ni kulegeza magoti kidogo pasipo kuonekana, kuchezesha vidole ndani ya buti, kuegemeza uzito mbele ya nyayo, na kutokwenda gwarideni na tumbo tupu. Mimi nilianguka kinyumenyume na nina akili zangu zote. Tofauti hiyo naomba iheshimiwe.

Na nilivyokuwa chini, bado nilikuwa mguu sawa. Mikono ubavuni. Macho mbele, yaani juu, kwenye feni. Hakuna aliyesema pumzika.

Kina mama wanapiga kelele, "Msaidieni mwenzenu!" Ndugu zangu watatu, watu niliogawana nao blanketi, hawakutikisika. Mtu akianguka gwarideni, wewe wa kando yake humgusi, unabaki ulivyo mpaka waliopangwa kumtoa waje kumtoa. Dokta macho mbele. Sanduku, bwana harusi mtarajiwa, kifua mbele, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kola. Zimataa naye macho mbele kabisa, kidevu juu, mfano wa kuigwa, isipokuwa mkono wake wa kulia haukuwa kwenye mshono wa suruali. Ulikuwa unaingia mfukoni taratibu kutafuta simu.

Ndipo akapita katikati yetu mtoto wa miaka kama minne, kavaa fulana peke yake, ana chupa ya soda. Akanitazama. Akanyonya mrija. Akamgeukia mzee na kusema, "Babu, huyu mjomba naye umemwambia?"

Kumbe mzee huwa anamfanyia mjukuu mchezo huo kila siku. Mtoto akipita na soda bila ruhusa, anapigiwa mguu sawa. Na kila siku mtoto anaendelea kutembea. Amri ile ilikuwa ya mtoto, na mtoto hakuitii.

Mzee akatuzunguka taratibu, mikono nyuma. Akawatazama watatu waliosimama, kuanzia kiatuni kwenda juu. Akanitazama mimi, kuanzia kiatuni kwenda... mbali.

"Mmefundishwa wapi?"

"Mafinga, afande!" Wanne. Mimi nilijibu nikiwa sakafuni, na ndiyo sauti mnayoisikia mwanzoni mwa klipu.

Akamwambia Dokta mguu wake umechelewa. Akamwambia Zimataa arudishe mkono. Kisha akachuchumaa, magoti yakilia, akanishika ngumi ya kulia, akanisogeza kidole gumba mpaka kikakaa sawasawa na mshono wa suruali uliojaa pilau. "Hapo," akasema. Akasimama. "Pumzika."

Mengine ni madogo. Wazee wa kike walikaa kikao cha dharura, wakatutoza faini: sahani, kufua blanketi la bibi, na shilingi 30,000 za kumshtua bibi. Tukachanga wote wanne bila kubishana, nyie mnajua sababu. Mahari ilipokelewa, tarehe ya harusi imetoka. Bibi lile paja alikataa kulirudisha. Nikarudi mjini na daladala nikiwa nimevaa suruali ya trakisuti niliyoazimwa na shemeji, na abiria wa kiti cha mbele aligeuka mara tatu kuuliza nani ana pilau.

Kabla hatujaondoka mzee alimwomba Sanduku amwingize kwenye grupu letu. Tukadhani anataka picha. Leo saa kumi na nusu alfajiri ametuma ujumbe wake wa kwanza: Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili kamili asubuhi, kiwanjani karibu na kwake, kwata ya kujiandaa na harusi, wote wanne, bukta ya bluu na raba za kijani.

Nimeshazunguka soko la Karume lote. Bluu zipo, nyeupe zipo, zenye taa kisiginoni zipo. Mwenye raba za kijani namba 42, hata zilizochoka, naomba anicheki kabla ya Ijumaa.