Darasa la kwanza: acheze kwanza au ashike daftari?

Kikao cha wazazi cha mwishoni mwa Januari huku kwetu Kigoma mwaka huu kilichemka, na chanzo chake ni madaftari. Mwalimu wa darasa la kwanza wiki mbili za mwanzo alizitumia kuwachezesha watoto, kuwaimbisha, kuwasimulia hadithi na kuwatembeza shule nzima, hakuwaandikisha hata "a" moja, sasa baba mmoja akasimama na daftari la mwanae mkononi, akalifungua mbele ya watu, jeupe, akasema mimi mtoto nimemleta kusoma, kucheza anacheza nyumbani. Watu wakapiga makofi. Mwalimu alijibu kwa sauti ndogo sana na nadhani waliokaa nyuma hawakumsikia kabisa, ndo maana nimeona niandike, maana alichokisema kilistahili kusikika.

Yule baba simlaumu. Ada ilifutwa kweli, hatulipi, lakini sare, viatu, begi na hayo madaftari ni juu ya mzazi, na kwa mtu anayetegemea kuuza mawese au kubeba mizigo bandarini hiyo hela inauma, akishaitoa anataka aone kitu na kitu chenyewe anachoweza kukiona ni maandishi. Pia kuna suala la wingi. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 45 shule ya msingi, na awali ni mmoja kwa 25, ila madarasa niliyoingia mimi mwenyewe huku yanapita mia, wanakaa wanne wanne kwenye dawati na wengine chini. Sasa wachezeshe mia kwa pamoja uone, watano wanacheza na waliobaki wanasukumana. Na niseme ukweli, wapo walimu wanaotoa watoto nje eti wakacheze halafu wao wanakaa chini ya mwembe na simu mpaka kengele, hilo nimeliona kwa macho, ule ni uvivu na mzazi ana haki ya kukasirika. Juu ya yote kuna KKK, tangu 2015 darasa la kwanza na la pili kazi yake kubwa ni kusoma, kuandika na kuhesabu, mtoto akivuka pale hajui, darasa la nne upimaji wa kitaifa unamkuta hivyo hivyo. Kwahiyo hofu ya muda kupotea ni hofu ya kweli.

Lakini kuna mtoto mmoja kila nikisikia mjadala huu namkumbuka.

Ni mjukuu wa mama mmoja tuliyekuwa jirani nae nilipokuwa naishi upande wa Kasulu, kijijini. Mtoto anajua Kiha tu. Asubuhi ukimwambia mwakeye anakuitikia vizuri anacheka, ukimwambia shikamoo anakuangalia. Awali hakusoma kwasababu shule ilikuwa mbali na bibi aliona miguu yake bado midogo, akaenda darasa la kwanza moja kwa moja, na mwalimu wake alitoka mkoa mwingine, Kiha hajui. Siku ya pili mtoto akabanwa na haja ndogo. Akasimama. Mwalimu anaandika ubaoni, kageuka kamuona kasimama, kamwambia kaa chini. Akakaa. Akasimama tena, akaambiwa tena kaa, safari hii kwa ukali. Kilichofuata mnakijua, pale pale kwenye dawati, wenzie wakacheka darasa zima, na wale aliokaa nao wakasogea.

Kesho yake aliondoka nyumbani na sare kama kawaida, akafika kwenye migomba ya watu nusu ya njia, akakaa humo mpaka alipoona wenzie wanarudi, akaungana nao, akarudi nyumbani. Alifanya hivyo karibu wiki tatu na bibi hajui, kule shule mahudhurio yanasoma mtoro. Mtoto wa miaka sita, mtoro! Na hakuna aliyekuwa mbaya pale. Mwalimu ana watoto mia mbele yake, hakujua. Kilichokosekana ni sentensi moja, mwalimu naomba kwenda chooni, na mtu wa kumshika mkono siku ya kwanza amuonyeshe choo kile pale, cha wasichana ni upande huu, ukitoka nawa hapa kwenye kibuyu chirizi. Hiyo kazi ni ya mchana mmoja, tena ukiifanya mchezo watoto wanaishika haraka kuliko ukiihubiri, mmoja anakuwa mwalimu, mwingine anaomba ruhusa, wote wanaitikia, wanakwenda mstari wanarudi wanacheka.

Huwa najiuliza, kama mmoja alikwama kwa sentensi moja, kwenye lile darasa walikuwa wangapi walioshikilia tu mpaka saa za kutoka? Wangapi hawakunywa uji wa shule ili wasibanwe? Mtoto aliyebanwa hasikii "a" wala "e", ubaoni pale haoni kitu. Sasa ukisema wiki mbili za kuwazoesha zimepoteza muda wa kusoma, na zile wiki tatu za kwenye migomba tuziandike wapi? Na daftari lake lilikuwa jeupe vile vile.

Kilichomrudisha ndo kinanifanya niwe upande wa yule mwalimu. Bibi alipogundua alimpeleka mwenyewe, akamkabidhi kwa binti wa darasa la nne wa jirani, na yule binti saa ya mapumziko akamkalisha kwenye mdako. Waliokulia mjini huenda hawaujui, unachimba kashimo, unaweka kokoto tuseme kumi, unarusha kete juu na kabla haijatua umeshazikomba zote nje, unarusha tena unazirudisha shimoni ila moja unaiacha nje, hiyo yako, shimoni zimebaki tisa. Raundi nyingine nane. Sasa yule mtoto kwenye mdako alikuwa hatari, nyumbani alikuwa anacheza na bibi yake, kufika pale akawafunga wenzie waliokuwa wanamcheka, na akawa anazihesabu kwa Kiha wenzie wanamjibu kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu. Ndani ya wiki anahesabu kwa Kiswahili. Mwambieni yule baba hiyo ni kutoa, hesabu ya kutoa ile ile itakayokuja kuandikwa kwenye daftari lake, tofauti mtoto ameishika kwa mikono kwanza.

Na kwa mkoa wetu hili la lugha sio dogo. Mjini Ujiji au Mwanga mtoto anazaliwa kwenye Kiswahili, ila nenda Buhigwe, nenda vijiji vya Kibondo, Kiswahili wengi wanakutana nacho shuleni. Ule mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza ukaanza 2014, Kigoma na Tabora zilikuwemo kwenye mikoa yake, na waliona tatizo hili hili, wakaweka madarasa ya utayari kabla ya darasa la kwanza, anafundisha mtu wa kijiji hapo hapo anayejua lugha ya watoto, kazi ni hadithi, nyimbo na michezo ili wazoee Kiswahili na wazoee kukaa na wenzao. Yule mwalimu wetu anachofanya ni kitu hicho hicho kwa kukibana kwenye wiki mbili, peke yake, bila hela ya mradi.

Halafu huo muda unaosemwa umepotea, hivi Januari ikoje huku kwetu? Mvua, mashamba, sare bado ziko kwa fundi. Wiki ya kwanza darasa halijajaa na watoto wanaendelea kuandikishwa hata Februari. Mwalimu akianza "a" siku ya kwanza ataianza tena wiki ya pili kwa waliokuja, na tena wiki ya nne, wale wa mwanzo wanachoka. Mchezo wa majina hauna hasara hiyo, mnasimama duara, mtoto anataja jina anapiga makofi mawili wote wanarudia, mgeni akija kesho anaingia tu. Faida yake mwalimu anajua majina. Nimekaa madarasa ambayo mpaka mwezi wa sita mtoto anaitwa wewe mwenye sweta.

Kwa watoto wa ziwani ongezea na hili. Kipindi cha giza, mwezi haupo, wavuvi wanaingia na taa, asubuhi mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, dagaa wanaanikwa na kuna kazi ya kufukuza kunguru ambayo hata wa miaka sita anaiweza. Kule anaitwa kwa jina, ana wenzie, na dagaa wa kuondoka nao hakosi. Shule inashindana na hapo. Fimbo na mgambo wanaweza kumleta darasani lakini kumbakiza mpaka Juni ni kitu kingine, atabaki kama kuna mtu anamsubiri kwenye mchezo wa rede.

Kwahiyo mimi naona mwalimu yuko sahihi kwa wiki mbili, na kosa lake ni moja, hakuwaita wazazi mapema akawaambia mtoto akirudi muulizeni amejifunza mchezo gani, mwambieni aombe ruhusa ya chooni kwa Kiswahili, mngeona kazi yake bila daftari.

Kikao kiliishia kwa mwalimu mkuu kukata katikati, mwakani wiki ya kwanza ni ya michezo na hadithi, ya pili nusu nusu na daftari, watu wakakubali wakatawanyika. Sio mbaya. Ila nilitoka na swali ambalo sikupata nafasi ya kuliuliza, wale wanaoandikishwa Februari, ambao mara nyingi ndo hao wa mbali, wasiosoma awali na Kiswahili hawana, watakuta wiki ya michezo imeshapita na wenzao wako kwenye irabu. Hao nani atawaonyesha choo?