Koki ya Bomba na Uzito wa Watoto

Saa nne asubuhi, nje ya lango la shule moja ya msingi hapa Ngamiani, Tanga, muuza bagia na kachori huweka pia ndoo ya juisi nyekundu yenye mabonge ya barafu. Bomba lililomo uwanjani halitoi maji, kwa hiyo mtoto mwenye kiu na shilingi 200 mkononi huelekea langoni moja kwa moja.

Wapo wanaosema kwamba kuikabidhi shule kazi ya kuzuia unene wa watoto ni kumtwisha mwalimu mzigo wa mzazi, na hoja yao si ya kupuuzwa. Utafiti wa WAVES, uliofanyika katika shule 54 za West Midlands, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2018, uliwaongezea watoto mazoezi ya nusu saa kila siku na kuwafundisha wazazi mapishi, lakini haukuleta tofauti ya maana katika uzito.

Hata hivyo, wanaoitoa shule kabisa kwa sababu hiyo wanasahau yaliyotokea Dortmund na Essen, Ujerumani. Huko, katika shule 32 za mitaa ya watu wa kipato cha chini, baadhi zilifungiwa mitambo ya maji ya kunywa, watoto wakapewa chupa na vipindi vichache tu vya darasani. Mwaka wa masomo ulipokwisha, uwezekano wa mtoto kuwa na uzito uliozidi ulikuwa chini kwa 31% katika shule zenye mitambo hiyo kuliko zile zisizo nayo. Tarakimu hiyo nimeirudia mara nyingi, maana watoto hao hawakupunguza juisi kwa kiasi cha kuonekana. Walichoongeza ni takribani glasi moja ya maji kwa siku. Ni kweli kwamba mwaka mmoja ni muda mfupi, na wastani wa uzito haukubadilika sana. Lakini njia hiyo haihitaji mtoto apimwe mbele ya wenzake, wala aitwe bonge, na kwangu hilo ni jambo kubwa.

Simlaumu muuza bagia, ambaye anatafuta riziki, na msimu wa machungwa ya Muheza angeweza kuyauza palepale. Bomba lile nimelisogelea: kilichokatika ni koki. Kamati ya shule itakapopanga michango ya muhula ujao, naomba koki hiyo itangulie mabango ya lishe bora.