Sevisi ya gari Tabora: kwa wakala, kwa fundi, au ujilalie mchangani mwenyewe?

Kwenye fremu ya mlango wa dereva wa Toyota IST yangu kuna stika ndogo ya Kijapani ambayo sijawahi kuibandua. Mahali pa mwaka imeandikwa 25. Nilipolinunua gari nilidhani ni tarehe, kumbe ni mwaka wa 25 wa Heisei, enzi ya mfalme wao wa wakati huo, yaani 2013, na namba iliyo chini yake ni kilomita ambazo gari lilitakiwa likifikisha limwagwe oili tena. Tangu liingie Tabora, wakala rasmi hajaligusa.

Wanaohimiza watu wajifanyie sevisi wenyewe, hasa wa Marekani na Uingereza, wana hesabu inayoeleweka. Kule fundi wa wakala anatoza kwa saa, na saa yake ni ghali kuliko oili yenyewe. Mtu akiinunua oili na filta, akajifungia gereji yake Jumamosi asubuhi, faida anaiona mfukoni siku hiyo hiyo. Hoja hiyo ikishushwa stesheni ya Tabora inapungua uzito. Fundi wangu wa chini ya mwembe, Isevya, hunitoza shilingi 10,000 kumwaga oili na kubadili filta. Nafanya sevisi mara tatu kwa mwaka. Kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, mtu mzima mwenye mgongo wa ualimu hana sababu ya kulala mchangani chini ya gari.

Wakala naye ana hesabu yake. Kwa aliye Tabora, safari ya kumfuata Mwanza, kwenda na kurudi, inapita kilomita 600. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita linakula lita 40 za petroli, na kama unafanya sevisi kila kilomita 5,000, zaidi ya sehemu ya kumi ya sevisi umeimaliza barabarani ukiifuata. Mwenye gari jipya lenye waranti ni habari nyingine. Marekani wana sheria ya mwaka 1975 inayomzuia mtengenezaji kufuta waranti eti kwa sababu tu hukufanyia sevisi kwake. Hapa mimi ningefuata kilichoandikwa kwenye waranti na ningetunza kila risiti. Ila wengi wetu tunaendesha magari yaliyotumika Japani, na mnunuzi wa Tabora haulizi kitabu cha sevisi. Anauliza kama injini imewahi kufunguliwa.

Kwa hiyo ubishi wa kweli hapa ni kati yako na fundi wa mtaani, na bei ya kazi si hoja. Hoja ni kinachoingia kwenye injini.

Injini ya IST ya 1.5 inachukua lita 3.7 ukibadili na filta. Kopo ni la lita 4. Fundi wangu wa kwanza alikuwa analimimina lote, kwa nia njema kabisa: umelilipia, libaki la nini? Oili ikizidi sana, krankshafti, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Bolti ya kumwagia inafunguliwa kwa spana namba 14. Yeye akiifunga aliongeza bomba kwenye spana ili aipate nguvu, na mwenzake aliyekuja kuifungua alikuta nyuzi zimeliwa. Halafu filta: ile uliyoinunua dukani na ile iliyofungwa, una uhakika ni moja, kama ulikuwa umekaa kwenye benchi unaongea na simu?

Hata suala la kilomita halina mwenyewe. Mafundi wengi watakwambia rudi baada ya 3,000, uwe unazunguka mjini au unakwenda Dar. Toyota kwao Japani wanaandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini za petroli zisizo na tabo, na nusu yake kwa matumizi magumu: vumbi, barabara mbovu, safari fupi fupi. Hiyo ni Tabora ya kuanzia Mei hadi Oktoba, neno kwa neno. Ukiongeza oili ambazo hujui zilikotoka, 5,000 ni busara, lakini uamuzi huo ni wa mwenye gari, maana ndiye anayejua limepita wapi. Eya klina ndiyo kabisa. Ukirudi kutoka vijiji vya tumbaku vya Uyui, ifungue siku hiyo hiyo. Haihitaji hata spana, ni klipu tu, na ukiigonga kwenye tairi utaona umebeba shamba la nani.

Sababu hizo ndizo zilizonifanya ninunue spana yangu. Nilijifunza upesi kwamba ardhi yetu ya mchanga inameza jeki. Naweka kipande cha ubao wa mninga chini yake, na siingii uvunguni mpaka gari likae kwenye stendi za kulishikilia. Mawe na magogo nimewaachia wanaoamini bahati.

Lakini mara ya tatu nilijidanganya kuwa nimekuwa fundi. Ilikuwa Ijumaa jioni, tochi mdomoni, nafungua filta ya zamani bila kuangalia nyuma yake. Mpira wake ulikuwa umebaki umeng'ang'ania kwenye injini. Nikafunga filta mpya juu ya mpira ule, mipira miwili imekaliana. Asubuhi gari likawaka vizuri tu. Kilomita kumi na kitu nimeishika barabara ya Nzega, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nilizima palepale, na hilo pekee ndilo lililoiokoa injini. Nyuma kulikuwa na mstari mweusi kwenye lami, mrefu. Fundi wa Isevya ndiye aliyekuja na kamba. Aliing'oa filta, akaichomoa mipira yote miwili, akaining'iniza kidoleni kama pete.

"Mwalimu, hii ndiyo 10,000 yako."

Wakati bado yuko chini, akaniita niangalie gurudumu la kushoto. Mpira wa draivshafti, mhimili unaozungusha gurudumu, ulikuwa umechanika na grisi imerukia rimu kwa ndani. Nilikuwa nimelala chini ya gari lile saa nzima jana yake, na sikuona kitu, kwa kuwa nilikuwa natafuta bolti. Hapo ndipo anayejifanyia sevisi anapopoteza, na hasara hiyo haiandikwi kwenye mahesabu. Anaokoa pesa ya mkono wa fundi na kulikosa jicho lake.

Kuna kazi ambazo siku hizi sizigusi. Mafuta ya breki yanafyonza maji kutoka hewani: ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205, lakini yakishalowa kiwango kinashuka hadi kama 140, na ukiyabadili vibaya ukaacha hewa kwenye mirija, pedali inazama siku unayoihitaji. Giaboksi pia. Ya CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, ukiitilia oili ya otomatiki ya kawaida umeiua, na kwa nje giaboksi hizo mbili zinafanana kwa mtu kama mimi. Kwa kazi hiyo ningeufikiria mwendo wa Mwanza bila kunung'unika.

Oili na filta nanunua mwenyewe, naenda navyo mwembeni, na bolti naifungua mimi. Fundi anazunguka na tochi, anatikisa magurudumu, anagusa mipira. Namlipa 10,000 ile ile. Oili chafu inaingia kwenye pipa lake, huwa inachukuliwa na watu wa kupaka nguzo dhidi ya mchwa. Zile mililita 300 zinazobaki kwenye kopo narudi nazo nyumbani, na kila mara ananiuliza kwa nini nisimalizie tu.