Anayeanza Apewe Kihariri Kinachomwonyesha Papo Hapo

Kila Jumamosi baada ya Alasiri, vijana wanne huja barazani kwetu hapa Mkomani, Lamu, kila wawili na laptopu moja. Laptopu zenyewe kuukuu, RAM ya GB 4, betri hazidumu. Nawafundisha kutengeneza kurasa za wavuti, na kuna jambo moja nalishikilia ingawa baadhi ya wenzangu hawaliafiki: mtu anayeanza apewe kihariri (programu ya kuandikia msimbo wa ukurasa) kilicho chepesi, chenye onyesho la papo hapo, yaani ukurasa unaobadilika kadiri unavyoandika, tena tangu siku ya kwanza.

Majuzi binti mmoja alikuwa akitengeneza ukurasa wa mashua ya kakake, anayepeleka wageni Manda kuona magofu ya Takwa. Kihariri kushoto, kivinjari kulia. Alipofika kwenye CSS, lugha ya kupamba na kupanga ukurasa, akabadilisha ukubwa wa kichwa cha ukurasa kutoka 24px hadi 60px, na herufi zikavimba mbele ya macho yake.

"Maalim, mbona imekuwa kubwa na sijahifadhi?"

Nikamwambia aendelee. Akashuka 40, akashuka 32, akaongeza nafasi chini ya kichwa, akahamia rangi. Nusu saa nzima hakuniuliza kitu. Katika nusu saa hiyo aliielewa tofauti ya margin (nafasi ya nje ya kisanduku) na padding (nafasi ya ndani yake), ambayo mimi niliisoma kitabuni mara tatu na isinikae.

Zamani tulikwenda hivi: andika, hifadhi, hamia kwenye kivinjari, pakia upya, tazama, rudi. Aliyezoea haoni uzito wake. Anayeanza, akifika hatua ya sita, ameshasahau alichobadilisha katika ya kwanza.

Mimi nilijifunza kwa Brackets, kihariri cha kampuni ya Adobe ambacho toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2014. Chenyewe kiliandikwa kwa HTML (lugha ya kuunda ukurasa), CSS na JavaScript (lugha ya kuufanya ukurasa utende), jambo lililonipa moyo sana: kumbe haya ninayojifunza ndiyo yaliyojenga chombo nilichoshika! Ukiweka kishale kwenye tagi, alama ya HTML inayozunguka kila kipande cha ukurasa, ukabonyeza Ctrl na E, kanuni za CSS zinazoihusu zilifunguka chini ya mstari ule ule. Ukisahau kufunga tagi, nambari ya mstari iligeuka nyekundu na onyesho likasubiri mpaka urekebishe. Mabadiliko ya JavaScript ndiyo yaliyotaka uhifadhi kwanza ndipo uyaone. Adobe waliacha kukihudumia tarehe 1 Septemba 2021, ila kwa kuwa msimbo wake ulikuwa huria, yaani yeyote aliruhusiwa kuutumia na kuubadilisha, kazi iliendelezwa, na leo kihariri cha Phoenix Code kinafuata njia ile ile, hata ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Visual Studio Code, kihariri kikubwa cha Microsoft, ni nzuri na ndiyo ninayofanyia kazi zangu, lakini kwa mtoto wa siku ya kwanza menyu zile ni msitu.

Wenzangu wanasema kuona papo hapo kunamzoesha mwanafunzi kubahatisha. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu nimeona kijana akijaza namba ovyo mpaka picha ikatulia, kisha ukurasa ukafunguliwa kwenye simu na picha ikatoka nje ya kioo. Kwa hiyo nimeweka sharti: kabla hujagusa namba, sema kwa sauti nini kitatokea. Kitapanda? Kitasogea upande gani? Ndipo uandike. Akikosea, onyesho linamjibu hapo hapo, wala hangoji mimi nizunguke.

Tena mafundi wa majahazi wa Matondoni hawana michoro ya karatasi. Wanapima kwa jicho, wanatia ubao, wanautoa, wanauchonga tena. Sijasikia mtu Lamu akisema wanabahatisha.

Binti yule sasa yuko kwenye jedwali la bei. Jumamosi hii nimemwambia aje na simu ya kakake, atuambie kwanza safu tatu zitakaaje kwenye kioo kidogo, halafu tufungue tuone.