Embe Halinunuliwi kwa Macho

Msimu wa maembe haujakolea, na tayari sokoni Lamu kuna mafungu ya ngowe, aina ya embe la pwani, za manjano tupu. Likate moja uone. Ganda lote dhahabu, lakini nyama iliyo karibu na kokwa ni nyeupe, ngumu, na uchachu wake unatia meno ganzi. Mchuuzi ataapa kuwa limeivia mtini. Simlaumu sana, anatuuzia tunachotaka, na sisi tunataka rangi.

Embe bichi ni kijani kwa sababu ya klorofili. Likianza kuiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayochochea mengine yote: klorofili inavunjika, karotini, yaani rangi ya manjano, inaongezeka, wanga unageuka sukari, asidi inapungua, nyama inalainika, harufu inajitengeneza. Ila kazi hizo haziendi kwa mwendo mmoja. Ganda laweza kutangulia, ndani kukachelewa, hasa embe likiangushwa changa, kabla halijajiwekea wanga wa kutosha. Hilo hata ukilipa joto na muda wote, sukari itatoka wapi?

Hapo ndipo inapoingia kabaidi, kemikali ya kuivisha matunda kwa haraka. Ikipata unyevu hutoa asetilini, gesi inayoiga ethilini, na ganda linageuka manjano upesi. Utamu haufuati. Isitoshe, kabaidi ya viwandani aghalabu huwa na chembe za aseniki na fosforasi, vitu ambavyo hakuna mzazi angevitaka karibu na kinywa cha mwanawe.

Kuvundika kwa wazee wetu sikugusi. Wao huchuma embe pevu, wakalifunika kwa majani au gunia, ethilini yake yenyewe isipotee. Ukitia na ndizi mbivu humo, mambo yanakwenda kasi zaidi, kwani ndizi nayo hutoa gesi ile ile.

Halafu kuna wekundu wa embe epo, unaowapumbaza wengi. Ule ni anthosayanini, rangi nyekundu ya asili ya mimea, na hutegemea upande uliopigwa na jua. Embe laweza kuwa na shavu jekundu na bado likawa bichi kabisa. Machungwa ya Malindi nayo ni kinyume: matamu, ganda kijani. Chungwa huhitaji usiku wa baridi ili ganda lipoteze klorofili, na baridi hiyo pwani tutaitoa wapi? Watu wa bara huyaruka wakidhani mabichi. Sawa tu, yanatubakia sisi.

Mimi ngowe huinusa kwenye kikonyo. Isiponukia, naiacha hapo hapo, hata ing'ae vipi, na kama wanunuzi wote wangefanya hivyo kabaidi ingekosa kazi. Hayo maembe ya mapema yauzwe mabichi, waziwazi, yakatwe vipande na kunyunyiziwa chumvi na pilipili. Wateja wake wapo, tena wengi, na mimi wa kwanza.